Hoja Ilipotoka Ukurasani Ikaingia Kikaoni: Kisa cha Mwandishi wa Mipango Miji, Moscow 1929–1935

Kwa nini kisa hiki

Mtu wa Unguja ukimtajia majengo ya kikomunisti, kinachomjia kichwani ni Michenzani: safu ndefu za maghorofa ya zege, fikra iliyokuja na wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, madirisha yamepangana kama punje za hindi. Na kwa kuwa majengo yanafanana, wengi hudhani hata maandishi yaliyoyatangulia yalifanana, kila jarida likikariri hotuba ya kiongozi wa juu. Baadaye ilikuwa hivyo kweli. Lakini kuanzia mwaka 1926 hadi 1930, Moscow ilikuwa na jarida la usanifu majengo ambalo watu walibishana ndani yake hadi kufikia kuuliza kama mji wenyewe unahitajika duniani.

Kisa hiki ni cha mwandishi mmoja wa jarida hilo. Nimemwita M. Jina lake, kwao alikozaliwa, na majina ya wenzake waliosimama kumshtaki nimeyaondoa. Wahariri na watu waliokuwa mashuhuri nimewaacha kwa majina yao, maana bila wao kisa hakishikiki. Aliyesoma historia ya usanifu wa Kisovieti atamtambua M., na si neno. Ninaowaandikia ni wahariri wa majarida ya taaluma na wapangaji miji wanaoandika, hasa wale ambao mchapishaji wao, mteja wao na mkaguzi wao ni ofisi ileile moja.

Usuli

Jarida liliitwa Sovremennaya Arkhitektura, yaani Usanifu wa Kisasa. Wenyewe wakiliita SA. Lilianza mwaka 1926, matoleo sita kwa mwaka, likiwa sauti ya umoja wa wasanifu ulioitwa OSA, wale wakonstruktivisti, waliotaka umbo la jengo litokane na kazi yake na ufundi wake, si mapambo. Wahariri walikuwa Moisei Ginzburg na Alexander Vesnin. Kurasa zilipangwa na Aleksei Gan kwa herufi nene nyeusi na mistari mizito, kiasi kwamba hata asiyejua Kirusi akilifungua anahisi anapigiwa kelele. Aliyelichapisha ni shirika la uchapaji la serikali.

Kabla ya kulisifu kwa lingine lolote, nalisifu kwa tabia yake ya kuuliza. Mwaka wa kwanza tu lilitoa dodoso kuhusu paa bapa. Warusi walizoea paa la mgongo, kwa sababu ya theluji. Vijana wa OSA walitaka paa lililolala, unaloweza kukaa juu yake ukapunga upepo. Badala ya kutangaza tu kwamba paa bapa ndiyo maendeleo, jarida liliandika maswali ya kifundi likayatuma nje: maji yatashukia wapi, baridi itazuiwaje, linawezekana au haliwezekani? Majibu yakarudi kutoka kwa wasanifu mashuhuri wa Ulaya: Bruno Taut, Peter Behrens, Erich Mendelsohn, J. J. P. Oud na Le Corbusier, yakachapishwa. (Mtu wa Lamu aliyelelewa chini ya dari la boriti na chokaa angewajibu kabla chai haijapoa: linawezekana, ila ukilisahau litakunyeshea kitandani.)

Tabia hiyo ikaendelea. Mwaka 1927 waliitisha mashindano ya kirafiki ya nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1928 Ginzburg akapewa kuongoza kitengo cha serikali cha kutafiti nyumba za mfano, na hapo kazi ikawa ya kupima hasa. Walichora nyayo za mpishi jikoni: kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko, kutoka kwenye jiko hadi mezani, hatua ngapi zinapotea bure. Walipiga hesabu wakagundua jambo linalojulikana na kila fundi lakini halikuwa limeandikwa vizuri: ukipunguza ukubwa wa nyumba, gharama ya kila mita ya mraba haishuki, inapanda, kwa sababu jiko, choo na korido havipungui kwa kiasi kilekile. Kutokana na hesabu hiyo ikazaliwa nyumba ndogo waliyoiita aina ya F, takriban mita za mraba 27, ikibana urefu wa dari kwenye chumba cha kulala ili korido moja ihudumie ghorofa mbili. Unaweza kuiona kwenye jengo la Narkomfin mjini Moscow, lililojengwa 1928 hadi 1930. Aliyeliagiza ni Nikolai Milyutin, kamishna wa fedha wa Jamhuri ya Urusi; jina lake litarudi.

Sasa weka hayo ndani ya siasa ya wakati ule. Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano ulikuwa umeanza 1928. Viwanda vilikuwa vikichipuka nyikani na kila kiwanda kilihitaji mji. Swali likawa, mji wa kijamaa ni mji wa namna gani? Marx na Engels walisema tofauti ya mji na shamba itafutika, hawakusema itafutika vipi. Na Chama cha Kikomunisti kilikuwa bado hakijatoa jibu. Kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu, swali hilo lilikuwa halina mwenyewe, na kila aliyeshika kalamu alilisogelea.

M. anaingia ofisini

M. hakuwa msanifu majengo. Alikuwa mtu wa sosholojia, mwanachama wa Chama tangu 1917, alipigana upande wa Jeshi Jekundu, kisha akafukuzwa Chama kwa kuwa upande wa Trotsky, mpinzani wa Stalin, na baadaye akarudishwa. Kipengele hicho cha kufukuzwa na kurudishwa kiweke pembeni, tutakihitaji.

Wenzake walisimulia kwamba alifika ofisini kwa Ginzburg, wakajifungia wawili wakizungumza kwa saa kama moja na zaidi, na mlango ulipofunguliwa Ginzburg alikuwa ameshageuka. Masimulizi ya namna hii hunona kadiri yanavyorudiwa. Lakini kwamba Ginzburg aligeuka, hilo lipo kwenye maandishi yake.

Hoja ya M. ilitoka SA mwaka 1929, toleo la 4, na kwa ufupi ilikuwa hivi. Watu walirundikana mjini kwa sababu mashine na soko vilirundikana, na vilirundikana kwa sababu usafiri ulikuwa mgumu. Sasa kuna umeme unaosafiri kwa waya, kuna simu, kuna redio, kuna gari. Umbali haupimwi tena kwa kilomita, unapimwa kwa muda. Kwa hiyo mji ni uhusiano wa watu, haulazimiki kuwa mahali. Tuutawanye. Badala ya nukta kwenye ramani tuwe na mistari: barabara, na kandokando yake nyumba nyepesi za mtu mmoja mmoja zilizotengenezwa kiwandani, za kufungwa na kufunguliwa. Watu wakioana wanaunganisha vyumba vyao, wakiachana kila mmoja anachukua chake.

Upande wa pili alikuwepo Leonid Sabsovich, mchumi, aliyetaka kinyume: nyumba kubwa za pamoja zenye maelfu ya watu, bila jiko la familia, watoto wakilelewa kando na wazazi. Msanifu mmoja wa mwelekeo huo alifika hadi kuandika ratiba ya siku ya mfanyakazi kwa dakika: mazoezi 5, kifungua kinywa 15. Kwa urahisi nitawaita hawa wakusanyaji, na akina M. watawanyaji.

Mambo yalivyofuatana

Mwishoni mwa 1929 likaja shindano la Magnitogorsk, mji wa chuma kwenye milima ya Ural. Kikundi cha watawanyaji, M. akiwemo, kilipeleka mchoro ambao mpaka leo unashangaza: barabara nane, kila moja na urefu wa kilomita 25, zote zikielekea kiwandani, na watu wamesambazwa kandokando yake. Hakuna uwanja wa katikati wala mtaa mkuu. Ukiwa unaishi mwisho wa mstari, jirani yako ni msitu, na kazini unafika kwa basi.

Kwenye ardhi yenyewe, wakati mchoro ule unapigwa rangi, wafanyakazi wa Magnitogorsk walikuwa wanalala kwenye mahema na mabanda ya mbao. Na kiwanda cha magari cha Nizhny Novgorod, ambacho serikali iliingia mkataba na Ford mwaka 1929 ili kukijenga, kilianza kutoa magari mwaka 1932. Nadharia iliyosimama juu ya magurudumu ilitangulia magurudumu kwa miaka mitatu.

Mwezi Machi 1930 Le Corbusier alikuwa Moscow. Akamwandikia Ginzburg barua ya kupinga utawanyaji: binadamu tangu zamani hutafuta wenzake, akili huchangamka watu wanapokaribiana, mji ukishughulikiwa vizuri ni afya. SA ikaichapisha barua hiyo kwenye toleo la 1–2 la mwaka 1930, na jibu la Ginzburg pamoja nayo. Jibu ni la heshima lakini halina woga. Ginzburg anamwambia kwamba yeye ni mpasuaji hodari kuliko wote wa mji wa leo, anayetaka kuuponya kwa gharama yoyote. Anaunyanyua mji mzima juu ya nguzo ili apate nafasi ya magari, anapanda bustani juu ya paa. Sisi, anasema, tunataka kuondoa chanzo cha ugonjwa. Toleo hilohilo lilikuwa na makala ya pili ya M. kuhusu nadharia ya makazi.

Tarehe 16 Mei 1930 Kamati Kuu ya Chama ikapitisha azimio kuhusu kazi ya kubadilisha maisha ya kila siku. Pravda, gazeti la Chama, ikalitoa tarehe 29. Lilimtaja Sabsovich kwa jina, na kwa kiasi fulani Yuri Larin, mchumi mwingine wa Chama. M. hakutajwa. Lakini kauli ilikuwa pana: majaribio ya kuruka kwa mruko mmoja vikwazo vya uchumi na utamaduni yana madhara, yatakula fedha nyingi na kuipaka matope fikra yenyewe ya maisha mapya. Kila mhariri mwenye masikio alisikia.

Wakati huohuo ndani ya nyumba kulikuwa na moto mwingine. Tangu 1929 kulikuwa na kundi lililojiita la wasanifu wa kiproletari, VOPRA. Wao hawakuuliza kama paa litavuja. Waliuliza msanifu huyu ni wa tabaka gani. Mwaka 1930 mmoja wa vinara wao alichapisha shambulio dhidi ya Ivan Leonidov, kijana mwenye kipaji wa OSA, na kwenye kichwa cha makala akaligeuza jina la mtu kuwa jina la ugonjwa. Mkumbuke kinara huyu.

SA lilifungwa mwishoni mwa 1930. Mwaka 1931 likaja jingine mahali pake, Sovetskaya Arkhitektura, likiongozwa na Milyutin, yule wa Narkomfin. Lilikuwa bado na watu wenye akili, lakini lilitembea kwa kunyata. Juni 1931 Lazar Kaganovich, mmoja wa wasaidizi wa karibu wa Stalin, akasimama mbele ya mkutano wa Kamati Kuu akalifunga swali: miji ya Umoja wa Kisovieti imekuwa ya kijamaa tangu siku mabepari waliponyang'anywa mali zao. Mjadala wa mji wa kijamaa ni upi ukawa hauna maana. Mji wa kijamaa ni huu unaoishi ndani yake. Mkutano huo ndio ulioamua Moscow ijengewe reli ya chini ya ardhi.

Aprili 1932 vyama vyote vya wasanii vikavunjwa kwa azimio. Wasanifu wakaingizwa kwenye Umoja mmoja, na kuanzia 1933 Umoja ukawa na jarida moja, Arkhitektura SSSR. Kurasa safi, picha nzuri, nguzo za Kirumi. Mjadala ukahamia kwenye vikao vya Umoja.

Na mwanzoni mwa 1935, kwenye mkutano wa wasanifu, M. akasimama akazungumza. Alilaumu usanifu wa wakati ule kwa kuabudu vyeo, nguzo na ngazi kubwa za kumfanya mtu ajione mdogo, na akaipinga ile kauli ya kwamba kila taifa lazima liwe na umbo lake la kitaifa la majengo. Muda mfupi nyuma yake, tarehe 1 Desemba 1934, Sergei Kirov, kiongozi wa Chama wa Leningrad, alikuwa ameuawa mjini humo, na waliowahi kuwa na Trotsky walikuwa wanatafutwa mmoja mmoja. Kile kipengele tulichokiweka pembeni sasa kikarudi. Wenzake wa Chama ndani ya Umoja walikaa wakamjadili. Akakamatwa mwaka huohuo.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ni wa Ginzburg, kumfungulia kurasa mtu asiye wa fani. Naona sababu yake vizuri. Utafiti wa nyumba ulikuwa umegonga ukuta: unaweza kupunguza hatua za jikoni kutoka ishirini hadi kumi, lakini kama mpishi anatembea saa nzima kwenda kazini, umeokoa nini? Chumba kilishapimwa, mji ulikuwa haujapimwa. M. alileta jibu la swali ambalo msanifu hakuwa na zana za kulijibu.

Uamuzi wa pili ni kuchapisha barua ya Le Corbusier. Alikuwa rafiki wa jarida na jina kubwa. Wahariri wengi wangemjibu faraghani wakahifadhi urafiki. SA lilifanya lilichofanya kila mwaka: likamweka mpinzani ukurasani na jibu pembeni yake, msomaji aamue.

Uamuzi wa tatu, ule wa Magnitogorsk, ulikuwa wa haraka zaidi. Serikali ilikuwa inajenga sasa, si mwaka kesho. Usipopeleka mchoro, atapeleka mwingine. Ndivyo nadharia yenye umri wa miezi michache ilivyogeuka mpango wa mji wa maelfu ya watu.

Uamuzi wa nne ni wa M. kuzungumza mwaka 1935. Hapa nasema ninavyomwelewa. Alikuwa mwanachama mkongwe, askari wa Mapinduzi, na alizoea miaka ambayo ukisema jambo zito, mtu anakuandikia jambo zito zaidi. Alisimama kama anayeandika makala. Mbele yake hakukuwa na wasomaji, kulikuwa na wajumbe na katibu anayeandika kumbukumbu za kikao.

Matokeo

M. alifungwa kambini akafa mwaka 1937. Mwezi Juni wa mwaka huohuo wasanifu wa Umoja wa Kisovieti walikuwa wamefanya mkutano wao mkuu wa kwanza.

Magnitogorsk ilikabidhiwa kwa Ernst May, Mjerumani aliyefika na timu yake mwaka 1930, naye akakuta kiwanda kinajengwa kabla ya ramani kukamilika. Tanuri la kwanza liliwashwa mwanzoni mwa 1932. Kutawanya watu hakukutokea kabisa. Kilichotokea ni kinyume chake: Desemba 1932 serikali ilianzisha hati za utambulisho wa ndani na usajili wa makazi, na tangu hapo nani anakaa mjini likawa suala la polisi. Julai 1935 Moscow ikapata mpango mkuu wake, wenye barabara pana na ukomo wa watu milioni 5.

Ginzburg hakuguswa. Aliendelea kujenga, kliniki ya mapumziko ya Kislovodsk ikiwa kazi yake kubwa ya mwisho, akafariki 1946. Leonidov alikosa kazi za kujenga kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ngazi ya mlimani ya Kislovodsk ndicho kitu kinachojulikana zaidi alichoacha juu ya ardhi.

Uchambuzi

Nianze na kilichofaa. Tabia ya dodoso ilizaa matunda yanayoonekana hadi leo. Hesabu za aina ya F zilitumika, zilikaguliwa, na zilisafiri hadi kwa wasanifu wa nje. Ukilinganisha na makala za miji ya kesho, kurasa za jikoni hazina mvuto, lakini ndizo ambazo hata mpinzani wa kisiasa hakuweza kuzipinga kwa kauli. Angelazimika kupima upya. Huwa nawaambia wahariri wachanga kwamba makala ambayo adui yako akitaka kuijibu lazima achukue futi na kamba, hiyo ina kinga kiasi. Si kinga kamili. Kiasi.

Kilichoharibika ni kwamba jarida lilitoka jikoni likaenda kwenye nchi nzima na zana zilezile likaziacha jikoni. Kilomita 25 mara nane ni kilomita 200 za barabara ya lami, kwa kiwanda kimoja, katika nchi ambayo magari yake yalikuwa bado kwenye karatasi ya mkataba. Hesabu ya mabasi, mafuta, nguzo za umeme na mabomba ya maji ya mstari wa kilomita 25 ilistahili uzito uleule waliompa mpishi na hatua zake. Haikuupata. Kwa hilo, azimio la Mei 1930 lilikuwa na hoja: fedha hazikuwepo. Nimeona watu wakilisoma azimio lile kama kwamba kila neno lake ni uonevu, na siafikiani nao. Lilisema jambo ambalo mhasibu yeyote wa SA angeweza kulisema.

Ila hakulisema mhasibu wa SA, na tofauti ndiyo hiyo. Hesabu ileile ingetoka kama makala ya toleo la 3, M. angejibu kwenye la 4, pengine angekubali mistari iwe mitatu badala ya minane. Ilipotoka kama azimio haikuwa na toleo linalofuata.

Kosa la pili ni la kuchagua mpinzani. Mjadala na Le Corbusier ni mzuri kusoma, lakini Le Corbusier angepanda treni akarudi Paris. Waliokuwa wanasubiri ni VOPRA, na SA liliwachukulia kama wapiga kelele wasio na kazi za kuonyesha. Ni kweli hawakuwa na kazi nyingi za kuonyesha. Walikuwa na kitu kingine: walijua kuandika kwa lugha ambayo ofisi za Chama zilikuwa zinaisoma. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi anayekula ni mwenzako wa fani anayeona umempita.

La tatu ni mfuko mmoja. Shirika la uchapaji la serikali ndilo lililolichapisha jarida, serikali hiyohiyo ilimlipa Ginzburg kutafiti nyumba, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mteja wa Magnitogorsk. Siwalaumu, hakukuwa na mfuko wa pili. Lakini ukiwa na mfuko mmoja, kila makala inasomwa mara mbili: mara moja kama hoja, mara ya pili kama maombi ya fedha. Makala ya M. ya 1929 ilikuwa hoja. Mchoro wa Magnitogorsk ulikuwa maombi, na maombi yana sheria nyingine.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kwamba M. aliandika ndoto za hatari, akafa kwa ajili ya ndoto zake. Tazama tarehe. Makala zake mbili za hatari zaidi, zilizotaka kuufuta mji wenyewe, zilitoka 1929 na 1930, na hazikumpeleka popote. Azimio lililowakaripia waotaji halikumtaja. Kilichomfikisha kambini ni maneno ya mwaka 1935, ambayo ukiyaweka mizani ni mepesi kuliko makala zake: kwamba majengo ya nguzo yanaabudu vyeo. Msanifu yeyote leo angeyasema kwenye kahawa.

Kati ya 1930 na 1935 kilichobadilika ni mahali pa kubishania. Jarida lina tabia zake. Anayepinga lazima aandike, aliyeandika lazima aweke jina, na jibu linakuja baada ya miezi miwili, hasira ikiwa imepoa na msomaji akiwa na maandishi yote mawili mkononi. Kikao hakina hayo. Mzungumzaji anasikilizwa na watu ambao kila mmoja anajua atatazamwa amekaaje, amepiga makofi au hakupiga. Muhtasari unaandikwa na mtu mwingine, kwa maneno yake. Na swali la kikao halikuwa kama M. amesema kweli kuhusu nguzo. Swali lilikuwa M. ni nani, alikuwa wapi mwaka 1928, na nani aliyemruhusu kuzungumza. Kwa swali hilo hata hoja iliyopimwa kwa futi isingemsaidia.

Ndiyo maana sikuandika majina ya waliomshtaki. Baadhi walikuwa maadui wake kweli. Wengine, ukisoma mfuatano wa mambo, walikuwa wamekaa kwenye chumba ambacho kukaa kimya nako kulikuwa jibu.

Je, M. angenyamaza? Wanafunzi huuliza hivyo kila mara, na wengine huongeza kwamba mdomo ulimponza kichwa. Ginzburg alichagua kunyamaza kwa sehemu kubwa, akajenga, akafa bila kuguswa. Sioni aibu ndani yake. Lakini anayetaka kumpa M. ushauri wa usalama amwambie pia ni wapi pengine angeweza kusema. Mwaka 1935 kulikuwa na jarida moja la Umoja, na jarida lile halikuwa na dodoso.

Kuna tukio moja la baadaye. Desemba 1954, mbele ya mkutano wa wajenzi wa nchi nzima, Nikita Khrushchev, kiongozi wa Chama baada ya Stalin, alitoa hotuba ndefu ya kushambulia nguzo, minara na mapambo ya bure, akataka nyumba rahisi, za kutengenezwa kiwandani, zinazohesabiwa kwa gharama ya mita ya mraba. Ni maswali ya kurasa za SA, sasa yakiwa amri kutoka jukwaani. Katika hotuba hiyo aliwalaumu kwa majina wasanifu wakubwa wa zama za nguzo. Mmoja wao alikuwa rais wa Akademia ya Usanifu, na mwaka uliofuata alipoteza cheo hicho. Ni yule kinara wa VOPRA aliyeandika dhidi ya Leonidov mwaka 1930.